Moshi wa Asubuhi: Je, Injini ya Carina Yangu Imekwisha?

"Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Buhongwa na nafundisha mjini Mwanza. Nina Toyota Carina ya mwaka 1999 yenye injini ya 5A ya petroli, na nimekaa nayo miaka sita. Tangu mwezi wa nne, kila asubuhi nikiiwasha inatoa moshi mwingi kwa dakika moja hivi, kisha unakatika. Mume wangu anasema ni wa buluu, jirani anasema ni mweupe. Mchana siuoni, isipokuwa Jumapili nikishuka mteremko wa Bugando: nikifika chini na kukanyaga mafuta, nauona kwenye kioo. Naongeza oili karibu nusu lita kila kilomita 1,000. Asubuhi bomba la moshi pia hudondosha maji. Fundi mmoja amesema injini imekwisha, nitafute ya mtumba au aifungue yote aisuke upya. Mwingine amesema niweke oili nzito na dawa ya kuzuia moshi. Mwaka jana gari lilichemka siku moja, fundi akaitoa thamostati na hakuirudisha; sijui kama hilo nalo linahusika. Desemba tunataka kwenda Musoma na watoto. Je, injini imekwisha kweli, na tunaweza kusafiri nayo?"

Marahaba, mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu ndani yake kuna habari nyingi kuliko unavyodhani, na nyingine ni nzuri. Naona hofu yako ina pande mbili. Upande mmoja unaogopa kutoa akiba yako kwa kazi kubwa ambayo huenda haihitajiki. Upande wa pili unaogopa kupuuza ugonjwa halisi, halafu gari likuzimikie porini mkiwa na watoto. Naanza na jibu fupi, kisha nitaeleza sababu zake. Kwa dalili ulizoandika, hakuna hata moja inayoonyesha kwamba injini imekwisha. Dalili zote mbili kuu, moshi wa asubuhi unaokatika na moshi wa chini ya mteremko, zinaelekeza kwenye sili za valvu, ambazo ni vipande vidogo vya mpira vinavyoweza kubadilishwa bila kuishusha injini. Hata hivyo sijaligusa gari lako, na dalili si ushahidi kamili, kwa hiyo nakusihi usilipie kazi yoyote ya kufungua injini mpaka ipimwe kwa vifaa.

Jambo ambalo fundi wako wa kwanza angepaswa kukuuliza, kabla ya kutaja injini ya mtumba, ni moshi unatoka wakati gani. Watu wengi, mafundi wakiwemo, huanza na rangi na kuishia hapo: buluu ni oili, mweupe ni maji, mweusi ni mafuta yaliyozidi. Si uongo, lakini rangi inakwambia tu ni kitu gani kinaungua. Haikwambii kimepitia mlango upi kuingia kwenye silinda, na ukarabati wote, pamoja na gharama yake, unategemea mlango huo. Oili inaweza kuingia ikitoka juu kupitia valvu, ikitoka chini kupitia ringi za pistoni, au kwa njia ya pembeni kupitia bomba la kupumulia injini. Moshi wake ni wa rangi ile ile katika hali zote tatu, lakini saa zake hazifanani.

Kabla ya kufika huko, niamue kwanza ubishi wa mume wako na jirani, maana inawezekana wote wawili wanasema kweli. Petroli inapoungua huzaa maji. Lita 1 ya petroli hutoa takriban lita 1 ya maji kwa njia ya mvuke. Injini ikiwa ya moto mvuke huo hutoka bila kuonekana, lakini asubuhi, bomba likiwa bado la baridi na hewa ya huku kandokando ya ziwa ikiwa na unyevu, sehemu yake hugeuka kuwa matone na nyingine huonekana kama ukungu mweupe. Maji yanayodondoka kwenye bomba lako, kama yanakoma gari likipata moto, ni ya kawaida kabisa na hayana uhusiano na ugonjwa wowote. Kwa hiyo huenda kila asubuhi unaona vitu viwili vilivyochanganyika, mvuke na moshi wa oili.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu. Moshi wa oili ni matone madogo sana ambayo hutawanya mwanga wa buluu kuliko rangi nyingine, ndiyo maana mtu aliyesimama akiutazama mbele ya ukuta wenye kivuli huuona wa buluu, na anayeutazama mbele ya anga jeupe huuona umepauka au una ukahawia. Kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Kesho asubuhi mwombe mume wako awashe gari, nawe ushike kipande cha boksi jeupe sentimita 20 hivi nyuma ya bomba kwa dakika moja, ukiwa umesimama pembeni bila kuuvuta moshi huo. Mvuke utalilowesha boksi na kukauka bila doa, wakati oili itaacha vidoadoa vyenye utelezi. Tazama pia tabia ya moshi wenyewe: mvuke hupotea hatua chache kutoka kwenye bomba, lakini moshi wa oili huning'inia hewani, husogea na upepo, na una harufu kali ya mafuta yaliyoungulia kwenye kikaango.

Sasa nieleze kinachotokea ndani. Injini yako ya 5A ina silinda nne na valvu 16, nane za kuingiza hewa na nane za kutoa moshi. Kila valvu ina shina jembamba linalopanda na kushuka ndani ya gaidi, yaani kijibomba kinacholiongoza, na juu ya kila gaidi kuna sili ya mpira isiyozidi ukubwa wa ncha ya kidole. Sehemu ya juu ya hedi, yaani kichwa cha injini, huogeshwa oili muda wote injini ikifanya kazi, na sili hiyo ndiyo inayolipangusa shina la valvu ili lisishuke na oili nyingi kwenye chumba cha kuunguzia. Mpira uliokaa kwenye joto kwa zaidi ya miaka ishirini hukakamaa. Haukumbatii tena shina, na hapo unabaki mwanya mdogo.

Usiku gari likiwa limeegeshwa, oili iliyotuama juu ya hedi hupenya kwenye mwanya huo tone kwa tone na kukaa juu ya valvu, na pale valvu ilipobaki wazi huteremka hadi juu ya pistoni. Asubuhi ukiwasha, matone ya usiku mzima huungua kwa pamoja, ukaona wingu. Yakiisha, moshi unakatika. Ndiyo sababu kiasi cha moshi hulingana na muda gari lilivyolala. Ukitaka kuthibitisha, linganisha asubuhi moja baada ya gari kusimama siku mbili na siku uliyoliegesha kwa saa mbili tu. Kama ni sili, tofauti utaiona wazi.

Mteremko wa Bugando ni ushahidi wa pili, na kwangu una uzito zaidi. Unaposhuka ukiwa kwenye gia na mguu umeuondoa kwenye mafuta, mlango wa hewa wa injini unafungwa huku pistoni zikiendelea kuvuta. Hapo mvuto wa hewa ndani ya njia za kuingizia huwa mkubwa kuliko wakati mwingine wowote, na mvuto huo huifyonza oili kupitia gaidi za valvu ambazo sili zake zimelegea. Oili hujikusanya njia nzima ya kushuka. Ukifika chini na kukanyaga mafuta, inaungua yote kwa mkupuo. Wenye magari ya tambarare wanaweza kukaa mwaka mzima bila kuiona dalili hii, lakini mji wetu una vilima vya kutosha kuidhihirisha.

Ringi zilizochoka hazina tabia hiyo. Ringi zinafanya kazi mbili: mbili za juu huzuia mgandamizo usivuje kwenda chini, na ya tatu hukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha. Zikilika, au ile ya tatu ikikwama kwa masizi, moshi hutoka injini inapobeba mzigo: unapopanda kilima ukiwa na abiria, unapokimbia kwenye barabara ndefu, na mara nyingi unaendelea hata gari likiwa la moto. Kama ringi zako zingekuwa zimekwisha, ungeuona moshi ukipanda Bugando kuliko ukishuka, na ukifungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa imewashwa ungeona inapumua kwa nguvu, moshi ukitoka kwa mapigo. Jaribu kulitazama hilo, lakini fungua polepole na uso ukiwa mbali, kwani oili ya moto inaweza kurushwa. Pumzi nyepesi ni ya kawaida kwa injini ya umri huu.

Nimesema kuna njia ya tatu, ya pembeni, nayo naitaja kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kila injini huvujisha gesi kidogo kupita kwenye ringi, na gesi hizo hurudishwa kwenye njia ya hewa kupitia valvu ndogo ya kupumulia, iliyochomekwa juu ya hedi na kuunganishwa na bomba la mpira. Valvu hiyo ikikwama wazi, injini hunywa oili kupitia hapo. Ikiziba, pumzi hujaa chini na kuisukuma oili itafute pa kutokea. Ichomoe, itikise karibu na sikio: ikilia kama punje kwenye kibuyu, inacheza, ikiwa kimya, imeganda, na inapaswa kusafishwa au kubadilishwa. Katika siku zangu za mwanzo niliwahi kuifungua injini ya mteja mmoja yote, nikaweka ringi mpya na gasketi mpya, gari likatoka gereji likiwa bado linatoa moshi. Kosa lilikuwa valvu hii, ambayo sikuitazama. Mteja alilipia wiki tatu za kazi isiyohitajika, nikamrudishia alichonilipa kwa ufundi, lakini vipuri alivyonunua havikuweza kurudi dukani. Tangu siku hiyo hakuna injini ninayoifungua kabla ya kuitikisa valvu hiyo kwanza. Hakikisha pia kwamba oili haizidi alama ya juu kwenye kijiti cha kupimia, kwa maana mtu anayeongeza oili mara kwa mara kwa hofu huishia kuijaza kupita kiasi, na oili iliyozidi yenyewe huleta moshi.

Sasa niseme kuhusu thamostati, maana hapa ndipo nilipohuzunika niliposoma swali lako. Thamostati ni mlango wa maji unaobaki umefungwa injini ikiwa ya baridi ili ipate moto haraka, kisha hufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Kuitoa ni desturi iliyoenea sana kwenye gereji zetu, kwa imani kwamba nchi ya joto haiihitaji. Injini isiyo na thamostati hukawia kupata moto, na kwa safari fupi za mjini huenda isiufikie kabisa. Kompyuta ya gari, ikipokea taarifa kwamba injini bado ni ya baridi, huendelea kuongeza petroli; petroli iliyozidi huosha oili kwenye kuta za silinda, na kuta kavu hula ringi. Unyevu nao hubaki ndani ya oili na kujenga utando kama maziwa mgando chini ya mfuniko. Ukiuona utando huo kwenye mfuniko tu, huku oili kwenye kijiti ikiwa safi na maji hayapungui, usikubali kuambiwa kwamba gasketi ya hedi, kizibo kilicho kati ya hedi na silinda, imeungua. Mara nyingi ni baridi ya injini tu.

Kuchemka kwa mwaka jana huenda kulitokana na kitu kingine. Mwanza tuko juu, uso wa ziwa lenyewe uko takriban mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwinuko huu maji yakiwa wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia kuchemka ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko uliochoka ukiacha shinikizo litoroke, maji yatachemka mapema hata kama thamostati ni nzima. Wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama wingu jeusi, nao hunasa kwenye mapezi ya rejeta na kuzuia upepo. Nimeshatoa tabaka zima lao kwenye rejeta ya gari lililokuwa likifanya safari za usiku kwenye barabara ya kandokando ya ziwa. Kwa hiyo nunua mfuniko mpya, safisha rejeta kwa maji yasiyo na presha kali, rudisha thamostati mpya, na ujaze kulanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa sawasawa badala ya maji matupu, kwa sababu hedi ya injini yako ni ya alumini na maji matupu huila taratibu.

Baada ya hayo ndipo twende kwenye vipimo. Cha kwanza ni cha kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda. Injini iwe ya moto, betri iwe imejaa, plagi zote nne zitolewe, petroli na umeme wa plagi vikatwe, na mtu akanyage pedeli ya mafuta mpaka mwisho huku injini ikizungushwa. Omba namba za silinda zote nne ziandikwe kwenye karatasi. Usihangaike sana na namba moja moja. Kilicho muhimu ni zikaribiane, na tofauti kati ya ya juu na ya chini isizidi asilimia 15 hivi. Hapa nitoe tahadhari ambayo imewagharimu watu wengi wa kanda hii: namba za kwenye kitabu zimepimwa karibu na usawa wa bahari. Hewa ya Mwanza ni nyepesi kwa takriban asilimia 13, hivyo injini ambayo kitabu kinasema isome psi 190 (psi ni kipimo cha shinikizo) itasoma karibu 165 hapa kwetu ikiwa nzima kabisa. Nimekutana na wateja walioambiwa kompresheni imeshuka kwa sababu tu fundi alilinganisha namba ya Mwanza na kitabu.

Silinda ikisoma chini, fundi adondoshe kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi na apime tena. Namba ikipanda sana, ringi ndizo zinazovuja, kwa kuwa oili imeziba mianya yao kwa muda. Isipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ya hedi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Gereji yenye kompresa inaweza kwenda mbele zaidi kwa kuingiza hewa kwenye silinda valvu zikiwa zimefungwa na kusikiliza inakotorokea: kwenye bomba la moshi ni valvu ya kutolea, kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia, kwenye tundu la kujazia oili ni ringi, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi. Ni kipimo cha nusu saa, na mtu yeyote aliyesimama pale anaweza kukielewa, hata wewe mwenye gari.

Lazima niwe mkweli kuhusu mpaka wa vipimo hivi. Kompresheni nzuri haithibitishi kwamba ringi ya tatu, ile ya oili, ni nzima, kwa sababu ringi hiyo haishiki mgandamizo. Injini inaweza kusoma vizuri na bado ikala oili kupitia chini. Ndiyo maana narudi kwenye saa za moshi: kompresheni ikiwa nzuri na moshi ukitoka asubuhi na chini ya mteremko tu, nina uhakika mkubwa na sili, kompresheni ikiwa nzuri lakini moshi ukitoka kwenye mzigo, ringi ya oili imekwama. Plagi nazo zitasema: zikiwa na masizi yenye utelezi zote nne kwa kiasi sawa, au mbili zaidi ya nyingine, fundi ataona ni silinda zipi zinazoongoza.

Kuhusu uamuzi, una njia kadhaa. Ya kwanza ni kutofanya lolote kwa sasa zaidi ya kupima na kuongeza oili. Nusu lita kwa kilomita 1,000 si jambo zuri, lakini baadhi ya watengenezaji wa magari huhesabu hadi lita 1 kwa umbali huo kuwa bado ndani ya mpaka. Injini haifi kwa kula oili; hufa kwa kukosa oili. Hasara iliyopo ni kwamba oili inayoungua huharibu polepole masega ya bomba la moshi, yaani kile kisafishio cha gesi kilicho ndani yake, na masega yakiziba gari litakosa nguvu. Ukichagua kusubiri, pima oili kila Jumamosi gari likiwa limepoa, mahali pale pale palipo sawa, na uandike kwenye daftari.

Njia ya pili, ambayo ndiyo ningeichagua kwa gari lako kama vipimo vitakubaliana na dalili, ni kubadilisha sili zote 16. Hedi haihitaji kushuka: silinda hujazwa hewa, au kamba safi hupitishwa kwenye tundu la plagi, ili valvu zisidondoke ndani springi zikitolewa. Kazi hii inahitaji utulivu. Kwenye injini ya 5A kemshafti, yaani mihimili inayofungua valvu, ni mbili, na moja huizungusha nyingine kwa gia, na gia hiyo ina kipande chenye springi ambacho ni lazima kifungwe kwa bolti kabla ya kemshafti kutolewa. Fundi asiyelijua hilo anaweza kuharibu kemshafti au kuipasua sehemu inayoishika. Kila kikombe cha valvu kirudi mahali pake, na sili za kuingizia zisichanganywe na za kutolea. Kwa kuwa mkanda wa taiming utakuwa umefunguliwa, uubadilishe kama hujui uliwekwa lini au umepita kilomita 100,000, pamoja na gasketi ya mfuniko wa valvu. Muulize fundi, kabla hajaanza, atazishikaje valvu zisidondoke. Jibu lake litakuonyesha kama ameshaifanya kazi hii.

Oili nzito na dawa ya kuzuia moshi sizikatai moja kwa moja. Kuhama kwenda 20W-50, ambayo ni ya kawaida kwenye maduka yetu na hali ya hewa yetu inairuhusu kwa injini ya umri huu, kunaweza kupunguza matone ya usiku. Dawa zinazolainisha mpira huweza kusaidia kwa muda sili zilizokakamaa, ila hazifanyi lolote kwa sili iliyopasuka. Ninachokataza kabisa ni kuchanganya oili ya gia ndani ya oili ya injini, ushauri ambao bado nausikia. Oili ya namna hiyo inachelewa kufika juu asubuhi, na dakika za kwanza ndizo zinazoila injini zaidi.

Kusuka injini upya ni kazi halali pale ringi na kuta za silinda zimekwisha kweli, na karakana za kuchonga silinda zipo hapa hapa mjini, upande wa Nyakato, lakini hakuna ulichoandika kinachoitaka. Injini ya mtumba naiweka mwisho. Hujui ilikotoka, sili zake zina umri sawa na za kwako, na namba yake haitalingana na iliyo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo utalazimika kuwajulisha Mamlaka ya Mapato (TRA). Ukilazimika kuinunua siku moja, ipimwe kompresheni kabla ya kulipia, si baada ya kufungwa.

Kuna dalili ambazo zikitokea nitabadilisha ushauri wangu wote, na hapo usisubiri wala usiendelee kuendesha. Moshi mweupe mzito usiokatika hata gari likipata moto, maji kupungua kwenye rejeta bila kuonekana yanakovuja, au mshale wa joto kupanda, ni dalili za gasketi au hedi, na gari livutwe hadi gereji. Usitegemee harufu tamu ambayo watu huitaja, kwa sababu kulanti ndiyo yenye harufu hiyo, na wewe huenda una maji matupu. Rejeta ya moto isifunguliwe kamwe. Taa nyekundu ya oili ikiwaka barabarani, simama na uzime injini palepale. Moshi mweusi hauna haraka hiyo; anza na kichungi cha hewa, kisha nozeli na sensa ya oksijeni, na kwako wewe ningeanza na thamostati isiyokuwepo. Na kila mara unapojaribu injini asubuhi, fanya hivyo nje, watoto wakiwa mbali na bomba, kwa kuwa gesi yenye sumu kuliko zote inayotoka pale haina rangi wala harufu.

Safari ya Musoma ni zaidi ya kilomita 200 kwenda, na kwa kiwango unachotumia gari litakula si zaidi ya robo lita njia nzima. Kama thamostati, mfuniko wa rejeta na valvu ya kupumulia vitakuwa vimeshughulikiwa, na vipimo vikiwa vizuri, sioni sababu ya kuahirisha, hata kama sili bado hazijabadilishwa. Fanya marekebisho hayo mapema, angalau wiki mbili kabla, ili uyajaribu kwenye mizunguko ya Buhongwa na mjini ukiwa karibu na fundi. Siku ya safari jaza oili hadi alama ya juu bila kuipita, beba lita moja ya aina ile ile, na mkifika Bunda mpumzike, injini ipoe dakika kumi na tano, kisha usome kijiti. Oili ikiwa imeshuka chini ya katikati ya alama mbili kwa umbali huo mfupi, iongeze, endesha taratibu hadi Musoma, na umtafute fundi wa huko aisome tena kabla hamjaanza kurudi.